Nyumbani Wazima?

Nilipokuwa mdogo, kule upande wa Hadado, ngamia mmoja wa baba alizaa, na ndama akafa siku ya pili. Ngamia huyo tulimwita Cadey kwa sababu ya weupe wake. Ngamia aliyefiwa hatoi maziwa. Utamkamua mpaka vidole vife ganzi, yeye ameyafunga huko ndani anakuangalia tu. Baba alimchuna yule ndama, akaikausha ngozi yake juani, na kila asubuhi ilibidi mtu aishike mbele ya pua ya Cadey. Mtu huyo nilikuwa mimi. Cadey alinusa, alinusa tena, akatoa sauti fulani ya chini ambayo mpaka leo siwezi kuiandika, na maziwa yakashuka, mama akakamua.

"Aabo, hajui kwamba hii ni ngozi tu?" nilimwuliza baba.

"Anajua."

"Sasa kwa nini anatoa?"

"Kwa sababu wewe umesimama hapo umeishika."

Sikumwelewa. Nilikuwa na miaka saba au minane, hakukuwa na mtu wa kuandika.

Sijui kwa nini nimeanza na ngamia. Mliniomba habari za kazi, ninyi wakalimani vijana wa pale hospitalini, mkaniletea daftari jipya na kalamu mbili, na moja ikakauka siku hiyo hiyo. Shule nilifika darasa la tatu, na hilo la tatu nilikaa nje kuliko ndani. Naandika kama ninavyosema. Binti yangu Sahra, ambaye ni mwalimu, amezirudisha p mahali nilipoweka b, na v mahali nilipoweka f, kwa sababu ulimi wetu sisi Wasomali hauoni tofauti hapo. Maneno mengine yote ni yangu, na makosa yake pia. Habari za mshahara na vyeo ulizeni wengine. Cheo nilikuwa nacho kimoja, na wakati wote huo hakikupanda wala hakikushuka.

Hospitali yenyewe mnaijua, ile ndogo ya upande wa mto hapa Garissa, jina halina haja. Niliingia pale kusukuma machela na kuosha sakafu. Kazi ya ukalimani haikuwepo. Madaktari na wauguzi walitoka bara, wagonjwa walitoka malishoni na hawakujua Kiswahili hata cha kuomba maji, na katikati hapo watu waliashiriana kwa mikono kama mabubu. Siku yangu ya tatu daktari akatoa kichwa mlangoni.

"Wewe wa ndoo! Unajua Kiswahili?"

"Najua," nikasema, vile mtu mwenye njaa anavyosema anajua kupika. Kiswahili changu kilikuwa cha stendi, cha kubeba mizigo ya abiria. Lete, weka, songa kidogo, usinisukume.

Ndani alikaa mzee mmoja mwenye ndevu nyekundu za hina, anakohoa. Daktari akasema, "Mwambie avue shati." Mimi nikasikia "afue". Kwetu hilo lilikuwa neno moja. Nikamgeukia mzee kwa adabu yote, nikamwambia, "Adeer, daktari anasema uende ukafue shati." Adeer ni baba mdogo, lakini kwetu mtu mzima yeyote ni adeer.

Mzee akaliangalia shati lake. Akaniangalia mimi. Akamwangalia daktari, kijana wa juzi tu kwake. Lakini alikuwa mtu aliyelelewa vizuri, akachukua bakora yake akatoka bila neno.

"Anaenda wapi?" daktari akauliza.

"Ameenda kufua," nikasema. Na yeye naye akasikia "kuvua", akadhani mzee anaona haya kuvua mbele ya watu, akangoja.

Alingoja sana. Mzee alirudi baada ya swala ya alasiri akitoka mtoni, shati limemganda mgongoni, kikohozi kimezidi. Akaniambia, "Mwambie huyo kijana limetakata. Sasa anitibu."

Sista Rispah, muuguzi mkuu wetu, mama mmoja mnene kutoka upande wa ziwani, alicheka mpaka akakalia katoni ya glavu ikapasuka. Akifuta machozi akanivuta ndani ya stoo, akafunga mlango.

"Shika koo, Bare," akasema. "Haya, sema v. Inanguruma?"

"Inanguruma."

"Sema f."

"Imenyamaza."

"Basi hiyo ndiyo tofauti ya kuvua na kufua. Na usinipelekee tena mzee wa watu mtoni."

Herufi ya p ilisumbua zaidi. Aliwasha kibiriti mbele ya mdomo wangu. Ukisema p sawasawa, moto unazimika. Ukisema b, unabaki unakuchoma vidole. Nyumbani nilimaliza kibiriti kizima jikoni nikisema "pona, pona, pona", na mke wangu Khadija akaenda kwa mama yake kuuliza ndoa ya mwendawazimu inavunjwaje. Kuna pia neno "kupaka", la dawa ya ngozi, ambalo ukiliweka b linakuwa neno la kupelekwa polisi. Hilo nililisema kwa sauti kubwa mbele ya wauguzi sita. Tuliache.

Sista Rispah ndiye aliyenifundisha kazi, na yeye hakuwa na maneno mengi. "Usiongeze, usipunguze. Wewe ni bomba. Maji yaliyoingia ndiyo yatoke." Mengine nilijifunza kwa kugonga kichwa. Daktari akisema kila baada ya saa nane, usimwambie mchungaji saa nane, saa hana. Mwambie baada ya swala ya alfajiri, baada ya alasiri, na kabla ya kulala. Kwenye bahasha ya dawa chora jua na mwezi, lakini mwulize kwanza anaona nini, kwa sababu mama mmoja alidhani mwezi wangu ni ndizi, akanunua ndizi. Ramadhani ikikaribia, wambieni madaktari mapema, wasishangae. Mgonjwa akisema tumbo linamwuma, mwambie aweke mkono, kwa maana tumbo la mtu wa porini linaanzia kifuani na kuishia magotini. Na msikae kati ya daktari na mgonjwa. Kaeni pembeni kidogo, waonane.

Sasa nitawaambia siku niliyovunja sheria ya bomba.

Ililetwa maiti. Hapana, alikuja mtu mzima anatembea, ndugu zake wanne wamemzunguka, akaingia ndani na ndani akafa. Daktari akatoka, amechoka, akaniambia, "Waambie tumempoteza." Nami nikawa bomba. Nikawaambia ndugu zake, wamempoteza. Wallahi watu wale waliinuka wakaanza kumtafuta. Mmoja aliinama chini ya vitanda. Mwingine alikwenda vyooni. Mkubwa wao alisimama uani akaita jina lake, mara tatu, kwa sauti ya mtu anayemwita ndugu yake aje kula. Daktari akaniuliza, wanafanya nini? Ilibidi mimi nimfuate yule wa uani nimguse bega. Jina lile bado nalisikia, na mara nyingine naliitikia.

Tangu siku hiyo habari mbaya nilizipeleka kwa njia yetu. Kwetu habari hairushwi. Mtu anakalishwa, anapewa maji, anaulizwa nyumbani wazima, watoto, mifugo, mvua imefika wapi, na anavyojibu moyo wake unajipanga pole pole. Neno lenyewe likifika linamkuta amekaa. Madaktari walilalamika. "Bare, mimi nimesema neno moja, mbona wewe dakika kumi?" Nikawajibu, "Daktari, neno lako liko njiani linakuja." Sista Rispah alinitazama, akasema tu, "Bomba langu limepata kona." Hakunikataza. Yeye alistaafu kwa umri wake, akarudi kwao, na tulilia wote pale langoni kama watoto.

Sikujua hizo dakika kumi zitanifanya nini.

Karibu na msikiti kuna mama anauza maziwa ya ngamia, jina lake Hodhan. Mume wake alikuwa dereva wa lori, na siku aliyoletwa kwetu alikuwa ameshakwenda. Mimi ndiye niliyemkalisha Hodhan kwenye benchi. Nikampa maji. Nikamwuliza, "Hodhan, nyumbani wazima?" Yaliyobaki mnayajua.

Miezi ikapita, eda yake ikaisha, akarudi kwenye madumu yake ya maziwa. Nikaenda kununua. Nikamsalimia kama mtu anavyomsalimia mtu, "Hodhan, nabad? Nyumbani wazima?" Dumu likamtoka mkononi. Maziwa yote yakanywewa na mchanga. Hakunikasirikia, na afadhali angekasirika.

"Adeer, usinichukie," akasema. "Najua ni salamu tu. Lakini ikitoka kinywani mwako miguu yangu inakaa yenyewe. Tuma mtu mwingine awe anakuja."

Kutoka siku hiyo Khadija ndiye ananunua maziwa.

Ndipo nikaanza kuona. Msikitini watu walinipungia mkono kutoka mbali na kuharakisha viatu. Kwenye harusi ya mpwa wangu nilimwuliza bibi mmoja habari za nyumbani, akatafuta kiti. Sokoni kwa mifugo nilimwendea mtu ninayemfahamu tangu utoto. Kabla sijafungua mdomo alinishika mabega yote mawili: "Nani, Bare? Sema haraka!" Nilitaka kumwuliza kama beberu wake ana pumu au ni mimi tu nasikia. Mji mzima ulikuwa umejifunza. Bare akikuuliza nyumbani, nyumbani kuna msiba.

Na ninyi mnajua salamu kwetu ni nini. Mtu asiyeuliza nyumbani, mifugo na mvua ni mtu aliyelelewa na nani? Nikaanza kusalimia kwa ufupi, "habari, nzuri", kama askari wa bara aliyefika jana. Watu wakasema Bare ana kiburi cha hospitali. Nyumbani kwangu mwenyewe siku moja nilimwambia Khadija, "Hebu kaa kwanza." Nilitaka kumwambia paa linavuja. Alikaa akaanza kutetemeka.

Sasa hili ndilo jambo lililonifanya nichukue kalamu yenu, ile ambayo haikukauka. Watu wote wanajua nilistaafu mapema kwa sababu ya sikio. Sikio la kushoto kweli lilikuwa limeanza kuziba. Lakini daktari wa masikio aliandika kwamba la kulia ni zima na linatosha kazi. Mimi nikaenda ofisini na karatasi ya sikio moja nikajifanya kiziwi wa mawili. Afisa wa wafanyakazi, kijana mwerevu, akanijaribu. Akageukia dirishani akasema kwa sauti ya chini, "Mzee Bare, unywe chai?" Koo lilikuwa limekauka, na chai niliiona pale mezani inatoa moshi. Nikakaa kama jiwe. Akasikitika, akapiga mhuri. Miaka minne kabla ya wakati wangu. Nilitaka niweze kumsalimia mtu asikae chini. Ni hilo tu. Sasa mmejua.

Lakini kulikuwa na Ayeeyo Dahabo.

Ayeeyo ni bibi, na huyu alikuwa bibi wa watu wengi. Alitoka upande wa Balambala, akaletwa kukaa kwa binti yake hapa mjini, kwenye bulla, yaani mtaa, ulio karibu na hospitali, kwa sababu ya kifua. Kifua kikuu kwetu kina jina baya, qaaxo, na mwenye jina hilo anatengewa kikombe chake na mkeka wake. Daktari alipolitaja, mimi nilimwambia Ayeeyo ana kikohozi chenye dawa. Akasema, "Bare, nimezika watu. Ni qaaxo?" Nikasema ndiyo. Alikuwa na kikombe cha chai mkononi, akakiweka chini mbali nami, taratibu, kama anajitenga mwenyewe kabla hajatengwa. Nilikichukua nikanywa ile chai yake mpaka majani. Sista Rispah alikuwa ameshatuambia zamani kikohozi kile hakipiti kwenye kikombe, lakini hata kama asingetuambia ningeinywa.

Dawa ni miezi sita, kila siku, bila kuruka. Ukirukaruka, ugonjwa unarudi umeota pembe, na dawa ile haiutishi tena. Ayeeyo hakuwa mtu wa kumeza vitu vya watu. Nilimwahidi: "Mpaka kidonge cha mwisho, mimi na wewe." Kila asubuhi alikuja kwenye dirisha la dawa na fimbo yake, akavitazama vidonge kama vinamdai, akaniuliza, "Leo vinasema nini?" Nikamwambia vinasema umeze. Akameza.

Mwezi wa tatu wa dawa yake ndio mwezi niliokwenda kuwa kiziwi ofisini.

Sikumwambia. Siku yangu ya mwisho alimeza, akafuta mdomo kwa shuka, akasema, "Kesho, Bare." Nikasema, "Inshallah." Nimesema Inshallah nyingi maishani. Ile moja sikuiweka kwa Mungu, niliitumia kama mlango wa nyuma.

Siku nne baadaye binti yake akaja nyumbani kwangu. Hakukaa. "Adeer Bare, mama hamezi. Anasema yule kijana mpya anaongea kama redio, haina macho." Msiudhike, aliyesemwa hapo yuko kati yenu, na siku hizi ana macho. Usiku huo sikula. Asubuhi nilivaa shati la kazi, nikarudi kwenye benchi la mbele ya dirisha la dawa.

Basi nikawa mstaafu wa namna yake. Kila asubuhi napita langoni, Ekiru, mlinzi wetu Mturkana, ananifungulia ananicheka, "Mzee, umestaafu au umehamishwa?" Namsubiri Ayeeyo, anameza, narudi. Nikitoka Ekiru anauliza, "Mzee, kesho?" Nasema kesho. Watu wakiniona pale kwenye benchi wakadhani bado niko kazini, wakapita mbali. Kwa hiyo sikuwa nimepata kile nilichodanganya ili nikipate, na usingizi pia sikupata. Nikilala naona kikombe cha chai kimewekwa mbali. Nilijihesabia makosa: nimeacha kazi ya watu, nimemwacha bibi wa watu, nimemdanganya kijana wa ofisini aliyenipa pole kwa kweli. Nilifikiria mpaka kurudi ofisini niseme masikio yamefunguka. Muujiza wa Garissa.

Mwezi wa tano wa dawa yake malaria ikanilaza siku tatu. Nilipoinuka nikaenda, nikakuta Sista Mwende kwenye dirisha la dawa, mikono kiunoni. Sista Mwende ni wa Kitui, mwembamba, mkali, kazi yake hana mchezo nayo.

"Mzee Bare, kaa hapa," akasema. Nikakaa. Nikajisikia jinsi watu wengine walivyokuwa wanajisikia. "Siku tatu huyu mama hajameza. Anakuja, anaangalia benchi, anarudi. Nimemwomba, nimepiga magoti hapa watu wakiniona. Nikuulize kitu bila heshima, utanisamehe. Siku Mungu akikuchukua, huyu nimzike pamoja na wewe?"

"Astaghfirullah, Sista."

"Ndiyo nauliza. Kazini haupo, nyumbani haupo. Uko wapi?"

Nikasema, "Jifunze Kisomali."

"Nani atanifundisha? Wewe?"

"Mimi hapana. Yeye. Anapenda sana kukosoa watu."

Akacheka bila kutaka. Nikaenda nyumbani, na njiani ndipo Cadey akanirudia. Mwisho wa habari ile sikuwaambia. Asubuhi moja baba aliitundika ngozi juu ya mti, mbali, akaniambia niende na mbuzi. Nililia, nikadhani nimefukuzwa. Nikageuka nyuma mara nyingi. Mama aliinama chini ya Cadey, Cadey akatazama huku na huku akitafuta ngozi, akatoa ile sauti yake. Kisha nikasikia maziwa yanagonga chombo. Baba alinipigia kelele niache kugeuka, kwa sababu kila nikigeuka yanakatika.

Wiki mbili sikwenda. Ni maneno matatu kuyaandika, lakini ulizeni Khadija. Nilirekebisha paa. Nikalirekebisha tena likiwa zima. Kila asubuhi wakati wa dirisha la dawa kufunguliwa nilisimama uani nimeelekea hospitali kama mtu anayetafuta kibla, na Khadija akanipa ufagio, "Kama unasimama, fagia." Siku moja alinikuta nimevaa shati la kazi, akalivua yeye mwenyewe mwilini mwangu, kifungo kwa kifungo, akalitia kwenye beseni. Kuvua na kufua, siku moja. Sista Rispah angefurahi.

"Na akifa?" nilimwuliza.

"Akifa utakwenda kumzika," Khadija akasema. "Lakini hujaambiwa amekufa. Umekuwa ukiwaambia watu miaka yote hii, sasa unajiambia mwenyewe kabla ya wakati."

Siku ya kumi na tano nilishindwa. Nilichukua chupa ya maziwa ya ngamia ambayo Khadija alikuwa ameinunua kwa Hodhan asubuhi ile, nikajiambia nampelekea mgonjwa maziwa, hakuna sheria inayokataza. Ekiru akanifungulia. Nikapita ukuta kwa ukuta kama mwizi wa kuku, nikafika kona ya jengo, mahali ambapo unaliona dirisha la dawa na wao hawakuoni.

Ayeeyo Dahabo alikuwa amekaa kwenye kiti cha muuguzi. Sista Mwende alikuwa amechuchumaa mbele yake, vidonge kwenye kiganja. Na Sista Mwende alikuwa anaongea Kisomali. Sijui niseme kilikuwa Kisomali cha wapi. Kilikuwa kama gari la mizigo linapita kwenye mawe.

Sasa hapa lazima niwaeleze walio wa bara. Maziwa kwetu ni caano, na hiyo c ya mwanzo inatoka chini kabisa kooni, kama mtu amebanwa. Ukikosa kuibana, unasema aano, na aano ni kisasi, kile cha damu kwa damu.

"Ayeeyo," Sista Mwende akasema kwa sauti kubwa, akijivunia, "leo umekunywa kisasi?"

Bibi akamtazama. Mabega yakaanza kutikisika, nikaogopa ni kikohozi. Ilikuwa kicheko. Sijawahi kumwona akicheka na meno yake yote matatu.

"Kisasi tumekunywa cha kutosha nchi hii, binti yangu," akasema. "Maziwa ndiyo bado."

Sista Mwende hakuelewa hata nusu. Mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka. Miaka yote ile, mdomo wangu ulifunguka wenyewe mtu mmoja akisema na mwingine asielewe. Neno lilikuwa limefika kwenye meno. Kisha nikaona Ayeeyo ameunyoosha mkono wake uliokauka, akauchukua mkono wa Sista Mwende, akauweka kwenye koo lake yeye mwenyewe, koo la bibi.

"Ca," akasema.

"A," akasema Sista Mwende.

"Ca! Shika. Hapa. Ca-a-no."

Sista Mwende akahamisha mkono kwenye koo lake, akajibana, macho yakamtoka, akatoa kitu ambacho hakikuwa maziwa wala kisasi. Bibi akapiga paja. Na huku bado anacheka, bila kuangalia benchi, bila kuuliza leo vinasema nini, akavichota vidonge kutoka kwenye kile kiganja akavimeza.

Nikafunga mdomo. Niliiweka chupa ya maziwa juu ya benchi langu, mahali ambapo wangeiona wakigeuka. Sikugeuka. Miezi yake ilipotimia, kidonge cha mwisho alikimeza bila mimi. Binti yake alikuja kuniambia, na alipokaa nilimwacha aseme yeye.

Siku ile ya maziwa, langoni Ekiru alisimama na ufunguo wake.

"Mzee, kesho?"

Nikampa mkono. Nikasimama vizuri mbele yake, na kwa mara ya kwanza baada ya sijui muda gani nikauliza pole pole, bila kuharakisha neno hata moja. "Ekiru, nabad? Nyumbani wazima?"

"Wazima, mzee."

"Mama watoto?"

"Yuko."

"Mbuzi? Na mvua kwenu, imefika wapi?"

"Mbuzi wako salama. Mvua tunaisikia tu," akasema, akiwa bado amesimama, ameegemea lango, anatabasamu.

Nikasema Alhamdulillahi, nikatoka, na sijarudi.